Omo Imekamilika, Tezi Bado

Nyandira, Mgeta
14 Januari 2023

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Huku tuko wazima. Ukungu ulishuka siku ya Noeli na mpaka leo haujaona sababu ya kuondoka. Nguo ninazofua Jumatatu nazivaa na ubichi wake Jumapili kanisani. Kabichi zimestawi, bei imelala. Judith jirani yangu anakusalimu. Yeye ndiye anayeteremka mjini na lori la mboga, na ndiye atakayeitia barua hii posta, kwa hiyo ikichelewa mlaumu yeye, mimi nimeshamaliza kazi yangu.

Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Nimempa Judith. Sikio la kulia lilikufa zamani, na sasa la kushoto limeamua kumfuata mwenzake. Nikiweka simu sikioni nasikia kama mtu anakaanga dagaa. Nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" tu, mpaka nikaja kugundua kwamba nimewaahidi watu wa jumuiya mbuzi wa sherehe. Meseji nazo zimeandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Barua haina kelele. Naisoma nikiwa nimekaa, na nikiimaliza naianza tena.

Asante kwa kalenda. Picha ya Januari, ile meli ya zamani ya milingoti mitatu, nimeikata nikaigongomea ukutani juu ya meza. Ndiyo ninayoichonga sasa. Mbao ni mringaringa, kamba ni katani, na matanga nitayakata kwenye ile shuka nyeupe ya marehemu Yuliana, ambayo sikuweza kuilalia tena wala kuigawa. Rafu aliyokuwa akipanga sufuria zake imejaa meli zangu ndogo. Watoto wa hapa wananiita Babu Nuhu, wanauliza gharika itaanza lini. Nawajibu kwamba wazazi wao sijawawekea nafasi.

Nina swali moja. Wewe unaishi na bahari mlangoni, na mimi nachonga kitu nisichowahi kukiona. Mbele ya meli panaitwaje, na nyuma panaitwaje? Kwa sasa nimeandika kwa penseli KICHWA na MKIA, kama mbuzi, na ninaona haya kila nikipita hapo mezani.

Msalimie sana Ezekiel. Mwambie mkewe ana mjomba mwenye meli nyingi kuliko serikali.

Mjomba wako,
Benedikto


Mtwara
9 Februari 2023

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata leo, inanukia moshi wa jiko lako, nikakaa nayo kwanza bila kuifungua. Mimi sijambo. Joto la huku usiombe. Chaki zinatoa jasho. Shule imefunguliwa, nimepewa darasa la nne tena, na wamenikabidhi zamu ya kusimamia bustani kwa sababu natoka Mgeta. Wanadhani sisi tunazaliwa na jembe mkononi.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Hafidhi, alikuwa baharia wa meli za mizigo enzi zake. Nilipomsomea ule mkia wako alicheka mpaka akashika ukuta. Amesema nikuandikie vizuri: mbele ni OMO, nyuma ni TEZI. Milingoti umeitaja sawasawa, ametikisa kichwa kwa heshima. Akaongeza kwamba jina la meli huandikwa kwenye tezi, na chini ya jina huandikwa bandari ya kwao. Ukikutana na meli baharini ikakupita, unaitazama tezi yake ndipo unapojua inaitwa nani na kwao ni wapi. Kwa hiyo, mjomba, meli yako inaitwa nani?

Ezekiel anakusalimu sana. Yuko safari ya kikazi kidogo.

Nafikiria kuja likizo ya Juni, mambo yakikaa sawa. Kula vizuri, na ukichonga usiku washa taa, usitegemee mwanga wa jiko.

Mpwa wako,
Winfrida


Nyandira
20 Machi 2023

Mpwa wangu,

Amani iwe nawe huko kwenye joto, na utupunguzie kidogo kwenye bahasha. Barua yako niliipokea Jumatano ya Majivu, nikaisoma na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Masika yameanza vizuri, ila njia ya kwenda mjini imeshaanza kuteleza. Mbuzi wa Judith amezaa pacha. Mmoja nimempa jina la Omo, kwa sababu neno hilo lilikuwa mdomoni mwangu wiki nzima na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa sikia. Omo imekamilika. Nimeichonga kutoka kipande kimoja, na siku ilipokubali kupinda kama ile ya picha nilisimama nikajipigia makofi. Nilifuta mambo ya mbuzi, nikaandika maneno ya mzee wako kwa herufi kubwa. Halafu nikaichukua meli mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia, pale juu ya matuta ya vitunguu, nikaishusha. Winfrida, ilikwenda! Ilinyooka, ikaniacha, nikaikimbiza kwa magoti haya unayoyajua, ikaenda kukwama kwenye karoti za Judith. Nikamwita aione. Akaitazama vizuri sana, akaniuliza kama inaweza kubeba karoti.

Tezi ndiyo inayonisumbua. Ilianza kidogo kidogo mwaka jana, nikaipuuza. Sasa imevimba. Niliteremka kwa bwana mmoja anayeijua kazi hiyo, akaikagua (namna alivyoikagua sitaiandika, tena Kwaresima hii), akasema isipokatwa itaziba njia ya maji kabisa. Imenikosesha usingizi. Sijamwambia mtu mwingine, hata Judith. Wewe ni mpwa wangu, na mambo kama haya mjomba hamwandikii mpwa wake, kwa hiyo siongezi neno. Najua umenielewa. Niambie tu unavyoona wewe.

Msalimie Ezekiel. Safari yake imeisha?

Mjomba wako,
Benedikto


Mtwara
28 Aprili 2023

Shikamoo mjomba, na pole,

Natumaini Pasaka ilikukuta salama. Mimi nilikwenda misa nikarudi nikalala. Huku mvua imekatika, na korosho za watu zimepata ugonjwa wa majani, kila mtu ananuna. Mzee Hafidhi hayupo, amekwenda Masasi kwa binti yake aliyejifungua, na ua umekuwa kimya mpaka nasikia friji la jirani.

Nimeelewa kabisa, na usione haya hata kidogo. Kwa kuwa mzee hayupo nimemuuliza fundi anayetengeneza madawati ya shule. Sikulitaja jina lako, nimesema tu kuna mtu wa kwetu. Amesema ni jambo la kawaida, hasa kwa kitu kilichokaa kwenye unyevu muda mrefu. Anasema uikate bila huruma, uweke nyingine, halafu uipige msasa mpaka iteleze. Kama njia ya maji imeziba, tumia keekee nyembamba ya kutobolea. Mjomba, usiikosee usingizi. Ni kazi ya asubuhi moja. Hata meli kubwa hukatwa tezi zikawekewa mpya, zikaendelea na safari.

Nimekufungia karatasi za msasa, mkali na laini. Anza na ule mkali. Nimeweka na chupa ya gundi.

Juni sitaweza kuja. Kuna kusahihisha mitihani, na mambo mengine mengine. Usinikasirikie.

Mpwa wako,
Winfrida


Nyandira
4 Juni 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa baridi ya hapa, ile inayofanya meno yacheze ngoma. Mimi naendelea. Judith anaendelea. Omo, yule mbuzi, amekula kola ya shati langu la kanisani, kwa hiyo yeye ndiye anayeendelea kuliko sisi sote.

Msasa nimeupokea, na gundi. Niliposoma ushauri wa fundi wako, hasa pale kwenye keekee, nilicheka mpaka Judith akaja na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nikamwambia ni barua ya Winfrida. Alipoondoka sikucheka tena. Niliirudia barua yako, nikaona kwamba kosa ni langu, maana niliandika kama mtu anayenong'ona halafu nikategemea nisikiwe mpaka Mtwara.

Lakini fundi wako amesema kweli pasipo kujua. Itakatwa. Wamenipangia tarehe 11 Julai, mjini. Walitaka niende na ndugu. Nikawaambia ninaye, yuko mbali kidogo. Mimi ni mtu mzima, nitateremka na lori la mboga, na meli nitaibeba kwenye tenga la nyanya ili nipate cha kushika mkononi.

Salamu za Ezekiel sikuziona safari hii. Pengine zilidondoka njiani. Sikuulizi. Nimeona tu kwamba wewe nawe una mzigo wako, na sipendi kukuongezea wangu juu yake.

Jina la meli nimeshaliandika kwenye tezi. Ikitokea nimechelewa kurudi, ni yako. Mali ya tumbo moja huenda kwa mtoto wa dada, ndivyo tulivyo sisi. Judith ana ufunguo wa nyumba.

Usiache kula.

Mjomba wako,
Benedikto


Mtwara
8 Julai 2023
(Hii haiendi posta. Naileta mwenyewe.)

Shikamoo mjomba,

Najua nikifika hutanisikia, na nikipiga kelele wodi nzima itanisikia, kwa hiyo naandika sasa niikunje mkobani.

Barua yako ya Juni nimeipata leo asubuhi. Ilifika shule ikiwa imefungwa, karani akaitia kwenye droo, akaenda likizo kwao Newala na funguo mfukoni. Nimeisoma nimesimama getini. Nimeisoma mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Sikuielewa. Nilijiuliza kwa nini meli ikakatwe tezi mjini wakati mafundi wa mbao wamejaa Mgeta, kwa nini ipangiwe tarehe, kwa nini uende na ndugu. Lile la ufunguo ndilo lililonitoa jasho.

Nikazichukua barua zako zote mbili, hiyo na ya Machi, nikampelekea Mzee Hafidhi barazani. Nikamsomea. Nilipofika pale pa "imevimba" alianza kutabasamu, na pale pa njia ya maji akaacha. Akaniomba nirudie polepole. Halafu akasema, "Mwanangu, hiyo si tezi ya meli. Hiyo ni ya mwenye meli." Akatazama miguu yake. "Na mimi walinikata hiyo, mwaka juzi. Wanangu niliwaambia nimekwenda Dar kununua injini ya boti."

Mjomba, nilikuambia uikate bila huruma. Nilikuambia uipige msasa! Nilikwenda kumuuliza fundi wa madawati. Nimelia nikacheka nikalia tena, mzee wa watu akaniletea maji akakosa pa kuweka uso.

Nimempigia Judith. Hakujua lolote. Alisema, "Babu ameuliza lori la Jumatatu, mi nikajua anakwenda kuuza meli." Nimemwambia akuketishe mbele na dereva, asikuache juu ya kabichi.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya wiki moja. Basi linaondoka kesho alfajiri. Kaa ulipo.

Winfrida


Wodini, Morogoro Mjini
12 Julai 2023
(Imeandikwa nyuma ya karatasi ya msasa laini.)

Winfrida,

Huna haja ya kutumia mdomo wako wote hivyo, yule mzee wa kitanda cha pili anadhani tunagombana. Chukua kalamu. Karatasi hizi ulinitumia mwenyewe, nimekuja nazo kwenye tenga la meli, upande mmoja unakwaruza lakini mwingine unaandikika. Sikuzitumia. Tezi ya meli ilikuwa nzuri tangu Februari.

Jana walipokuja na kitanda cha magurudumu waliniuliza, kwa ishara, nani yuko na mimi. Nikaonyesha mlango. Palikuwa hapana mtu mlangoni. Nikaendelea kuonyesha, na muuguzi akaendelea kuniangalia kwa huruma, na hapo ndipo ulipoingia na mkoba wako na kilemba kimeanguka. Nimeishi miaka mingi, sijawahi kufurahi vile kumwona mtu aliyevurugika kiasi kile.

B.


Mjomba,

Kwa nini hukuniambia kwa maneno yanayoeleweka?

W.


Nilisema. Niliandika tezi. Daktari alisema tezi, na mimi nikaandika tezi. Hicho ndicho Kiswahili chake. Ulitaka mjomba wako akuchoree?

Haya. Ukweli ni kwamba uliponitumia msasa nilijua hujaelewa, na ningeweza kukuandikia tena kesho yake. Sikutaka. Niliogopa kwamba ukielewa na usije, nitakuwa nimejua jambo nisilotaka kulijua. Ukiwa hujaelewa, kutokuja kwako hakuna ubaya.

Sasa zamu yako. Ezekiel yuko safari gani hiyo isiyokwisha? Hata meli hutia nanga.


Aliondoka Novemba. Ana mtu mwingine Tunduru, na nadhani mtoto pia. Zile salamu za Februari nilizitunga. Safari iliyofuata nilishindwa kuzitunga.

Ndiyo sababu sikuja Juni, mjomba. Hapakuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilikaa chumbani likizo nzima. Niliogopa kupanda ule mlima na kuulizwa mume yuko wapi, kila kona, na kila mtu mwenye karai kichwani. Wewe ulikuwa unaonyesha mlango na mimi nilikuwa nawakwepa wanawake wa gulioni. Siwezi kuliandika hili vizuri zaidi ya hapa.


Umeliandika vizuri.

Usilie juu ya msasa, utalowa na hatuna karatasi nyingine. Yule mzee ananitazama vibaya sasa, anadhani nimekutukana.

Toa meli kwenye tenga. Soma tezi.


Nimesoma. ANGELINA. Umeandika jina la mama.

Chini yake umeacha wazi.


Jina ni la dada yangu, hilo sikuhitaji kuuliza mtu. Bandari sikujua niandike wapi. Meli ni yako. Bandari andika wewe.


Mtwara
20 Agosti 2023

Shikamoo mjomba,

Natumaini kidonda kimefunga na unafuata yale uliyoambiwa, hasa la kutonyanyua debe. Najua unanyanyua. Nimemwambia Judith akunyang'anye.

Mimi nilifika salama. Meli niliipakata njia nzima. Kondakta alitaka niilipie kiti, abiria wakamzomea. Mzee Hafidhi aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kamba za katani, akasema mlingoti wa kati umeinama unywele mmoja, na kwamba yeye angepanda meli hiyo kwenda popote. Anakusalimu. Anataka kujua kama na wewe bado unaamka usiku. Amesema utaelewa.

Nimekumbuka siku ile tulipopanda Nyandira. Tulikuwa hatujafika hata kwenye bomba, yule mama wa ufuta akaniuliza kwa sauti ya kanisa zima, "Winfrida, mbona peke yako, mwenzio yuko wapi?" Ukajibu wewe, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba dawa ya kabichi mwaka huu ni mbovu na afadhali majivu. Akauliza tena. Ukamjibu tena habari za majivu. Hujawahi kuwa kiziwi vile, mjomba. Nilitaka kukukumbatia pale pale njiani, nikaona nikikukumbatia nitaulizwa na hilo.

Usiku nilioondoka sikulala vizuri, wala tangu nimerudi huku. Chumba ni kile kile na kikombe ni kimoja. Nikirudi kutoka shule naiona meli dirishani inanitazama kwa omo yake. Nimeigeuza niione tezi, maana ile nafasi iliyo wazi ilikuwa inaniita. Jana nikaandika bandari. Nimeandika NYANDIRA. Mzee Hafidhi akavaa miwani, akauliza hiyo bandari iko pwani gani, nikamwambia iko juu sana.

Nimeandika kwa penseli, mjomba. Sijaweza kuandika kwa rangi. Mwalimu mkuu anasema uhamisho unaweza kuombwa mwisho wa mwaka, lakini sijui kama nina nguvu ya kurudi na kukaa, na sitaki kukudanganya kama nilivyokudanganya Juni.

Mpwa wako,
Winfrida


Nyandira
17 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Jua limetoka huku kwa mara ya kwanza tangu uondoke, nimetandaza kila kitu nje, hata mimi mwenyewe. Njegere zinachanua. Omo ameanza pembe. Mwambie Mzee Hafidhi kwamba silali vibaya, naamka alfajiri kama mtu mwenye heshima zake, na kwamba hilo ndilo neno la mwisho nitakaloandika juu ya tezi yoyote isiyo ya mbao.

Debe sinyanyui. Judith amelificha. Tangu ajue nilikokwenda Julai amenuna, anasema jirani wa miaka yote hiyo hawezi kuambiwa na mtu wa Mtwara. Amekaa wiki haji, halafu akaja na uji, akakaa pale mlangoni mpaka nikaumaliza, akachukua bakuli akaondoka bila kuaga. Kesho yake akaja tena. Nadhani nimesamehewa.

Nimeanza meli nyingine kisha nikaiacha. Mkono unafanya kazi, ila nikifika mahali pazuri nageuka kutafuta wa kumwonyesha, nakuta ukuta na rafu. Zamani nilikuwa nimezoea. Ulipokuja ile wiki ukaniharibia mazoea. Nyumba hii ilikuwa kimya kwa sababu ya masikio yangu, ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Sasa najua kwamba haikuwa masikio.

Nimeufikiria mlima wako. Yule mama wa ufuta atauliza, siku ya kwanza, na ya pili. Nitakuwa kiziwi kadiri itakavyohitajika, nina mazoezi. Ya tatu atakuwa na habari ya mtu mwingine. Kukaa au kutokaa utaamua ukiwa umekaa, huwezi kuamua hilo ukiwa Mtwara na kikombe kimoja.

Penseli hairidhishi. Ninayo rangi nyeupe, mabaki ya ile ya madirisha, na brashi nimeitengeneza kwa manyoya ya Omo, ambaye hakukubali. Tangu nianze kukuandikia sijawahi kukuandikia neno moja, nikidhani mtu akitaka kuja huja mwenyewe. Nimeona Julai kwamba sivyo. Basi nakuandikia, kwa wino na kwa herufi za kusomeka: njoo. Njoo Desemba, uilete meli tuiandike bandari yake kwa rangi.

Na ukiisahau meli, njoo hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Benedikto